Gari likiachwa kutengenezwa linaisha taratibu, je imani inadumu kwa sababu gani hasa?

FundiInjini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni msaada wenu, jumapili ijayo nimepewa nafasi ya kuongea na vijana kanisani na mimi kazi yangu ni magari, kwa hiyo hata nikisoma Neno akili inakimbilia huko huko. Somo nililochagua ni imani inayodumu na fahari ya dunia inayopita, na mfano ninaotaka kuutumia ni magari yaliyoachwa kutengenezwa.

Angalieni wenyewe. Ford Model T ilianza 1908 ikaisha 1927, zilitoka zaidi ya milioni 15, kuna wakati ukisema neno gari watu wengi wanachowaza ni hiyo. VW Beetle ikapita hapo ikafika zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ya ule umbo wa zamani ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, wakaiaga na bendi ya mariachi kabisa. Oldsmobile walianza 1897 wakafunga 2004, kampuni imeona vita vikuu viwili vyote ikavuka alafu ikafutwa na kikao cha wakubwa. Hata angani ni hivyo hivyo, Concorde ilikuwa inakutoa London mpaka New York kwa kama saa tatu na nusu, ndege ya wenye nazo, ikabeba abiria kuanzia 1976 mpaka 2003 na leo unaikuta imepaki makumbusho.

Alafu kuna kitu ambacho mtu asiye fundi hakioni. Watu wanadhani gari likiachwa kutengenezwa linakufa siku ile ile. Hapana bwana. Miaka ya mwanzo spea zipo kibao, mwenye gari hata hashtuki. Baadae orijino zinaanza kuadimika, mara unaambiwa subiri, mara unaambiwa hiyo namba haipo tena kwenye mfumo. Na kinacholiangusha mara nyingi sio injini, injini tutaifungua tutaichonga itakaa sawa. Ni vitu vidogo. Raba ya kioo cha mbele inakauka inapasuka, maji yanapenya yanatulia chini ya kapeti, mwenye gari haoni kitu anaona tu kuna harufu ya unyevu, siku ukinyanyua kapeti unakuta sakafu imeliwa na kutu unaona ardhi. Au kontrol boksi ya ABS, yaani ya breki zinazozuia tairi kujifunga, kidude kinaenea kwenye kiganja, hakuna anayekitengeneza tena duniani, basi gari zima zuri linasimama kwa ajili ya hicho.

Sasa swali langu. Imani inadumu kwa sababu gani? Sitaki kuwaambia vijana "imani inadumu" kama kauli mbiu ya kwenye fulana, kwa sababu na wao wana macho, wanawaona watu waliokuwa moto kwenye maombi miaka ile na leo hata ibadani hawaonekani. Mtu akiniuliza mbona imani ya fulani imeishia njiani kama hayo magari yako nitamjibu nini? Naombeni maandiko na maelezo, nataka nielewe mimi kwanza.

MamaEliya

Amina mtumishi, Mungu akutie nguvu kwenye hilo somo. Mimi ningeanza na 1 Petro 1:24 na 25, "Mwili wote ni kama majani, na fahari yake yote ni kama ua la majani. Majani hukauka na ua lake huanguka. Bali Neno la Bwana hudumu hata milele." Na uwaonyeshe vijana kwamba Petro hajasema ua ni baya. Ua ni zuri na ni Mungu kaliumba, gari zuri nalo ni zuri, tatizo linakuja pale mtu anapoliegemeza moyo wake wote alafu linaanguka naye anaanguka nalo.

Alafu soma na mstari wa 5 wa sura hiyo hiyo watu huwa wanaupita haraka, anasema tunalindwa na nguvu za Mungu kwa njia ya imani. Tunalindwa. Mimi huo mstari umenibeba kwenye magonjwa na kwenye misiba, siku ambazo hata kuomba nilikuwa siwezi nabaki nimekaa tu kitandani nalitaja jina la Yesu basi.

MpendaManabii

Mkuu mada yako imenigusa sana, maana Biblia yenyewe ina habari za magari tena nyingi, magari ya farasi ya vita, hayo ndo yalikuwa fahari ya wafalme wa zamani. Zaburi 20:7, "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu." Hiyo ni zaburi ya Daudi, na Daudi alikuwa anamaanisha, soma 2 Samweli 8:4 uone alivyoteka farasi wa magari wengi akabakisha wa magari mia tu.

Sasa njoo kwa mwanae. 1 Wafalme 10:26 Sulemani ana magari 1,400 na wapanda farasi 12,000. Mstari wa 29 unakupa mpaka bei, gari moja kutoka Misri lilikuwa shekeli 600 za fedha na farasi 150. Wakati Torati ilishamwambia mfalme asijizidishie farasi wala asiwarudishe watu Misri kwa ajili ya farasi, Kumbukumbu 17:16, iko wazi kabisa. Yaani kizazi kimoja tu, baba anaimba hatutegemei magari, mtoto ana mazizi yamejaa.

Lakini sehemu ambayo ningekuomba usiiache ni ya ngao, hii mimi nikiisoma huwa nasimama. Sulemani alitengeneza ngao kubwa 200 za dhahabu iliyofuliwa na ngao ndogo 300, zikawekwa kwenye ile nyumba ya msitu wa Lebanoni, jumba lake kule Yerusalemu. Za dhahabu sio za kupigania vita, dhahabu ni laini, hizo ni za kuonekana. Sulemani akafa, akaingia Rehoboamu, na mwaka wa tano tu wa utawala wake akaja Shishaki mfalme wa Misri, Misri ile ile walikokuwa wananunua magari, akachukua hazina za hekalu na za nyumba ya mfalme, akazibeba na zile ngao zote za dhahabu. Miaka mitano!

Sasa angalia Rehoboamu alichofanya, 1 Wafalme 14:27 na 28. Hakukaa chini akajiuliza kwa nini Mungu ameruhusu. Akaagiza zitengenezwe ngao za shaba mahali pa zile za dhahabu. Na kila alipokuwa anakwenda nyumba ya Bwana walinzi wanazibeba wanatembea nazo, wakirudi wanazirudisha kwenye chumba cha walinzi. Hebu ione hiyo picha, msafara ni ule ule, sare zile zile, hatua zile zile, shaba ukiisugua vizuri ukaiweka juani mtu aliye mbali hajui tofauti. Ila mfalme anajua na walinzi wanaozibeba wanajua.

Kwa hiyo fundi, vijana wako waambie kwamba fahari ya dunia ina hatua mbili, kwanza inaondoka, alafu inakuja kutafutiwa kitu cha kuziba pengo watu wasijue. Hiyo ya pili ndo inatisha zaidi na ndo iko makanisani. Ufunuo 3:1 kanisa la Sardi, "una jina la kuwa hai, nawe umekufa."

SwaliGumu

Nakubaliana na mengi hapo juu ila naomba niseme kitu kwa moyo safi, maana mimi ni mkristo pia na hili suala limenisumbua miaka mingi.

Kwanza usiwaambie vijana kwamba gari kuacha kutengenezwa ni adhabu au ni ubatili. Magari mengine yanaachwa kwa sababu nzuri kabisa, sheria za moshi zimekuwa kali, za usalama pia, gari la miaka ya 60 halina mkanda wa maana wala mfuko wa hewa. Mtu aliyeacha gari bovu kapanda salama hajapoteza kitu. Kwa hiyo mfano wako ukiuvuta sana kijana mwenye akili atakwambia basi na imani ni modeli ya zamani, imetoka mpya, tuiache. Nimeshaulizwa hivyo hivyo na mtoto wa ndugu yangu.

Pili, makanisa yanakufa jamani. Sio maneno tu, historia ipo. Afrika ya Kaskazini mwaka 411 walikutana maaskofu zaidi ya 500 pale Karthago, Tunisia ya leo, wa pande mbili zilizokuwa zinagombana, fikiria maaskofu 500 eneo lile tu. Augustino alikuwepo, alikuwa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba kule Algeria. Akafa 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali, wavamizi waliotoka Ulaya. Na baada ya karne kadhaa kanisa lile likaisha kabisa, limebaki magofu na vitabu vyake. Efeso nako nenda utakuta nguzo na mawe. Yesu mwenyewe aliwaambia Waefeso atakiondoa kinara chao wasipotubu, Ufunuo 2:5, na leo kinara hakipo.

Sasa tukisema imani inadumu tunamaanisha nini? Naomba jibu ambalo haliruki haya.

MchungajiMstaafu

Wanangu nimewasoma wote kwa furaha. Swali la huyu ndugu wa mwisho ni la haki na asinyamazishwe, vijana wengi wameondoka kwa sababu waliuliza wakaambiwa wana pepo la mashaka.

Nianze na hilo la modeli ya zamani. Gari ni kazi ya mtu, mtu anajifunza, kesho anatengeneza bora kuliko jana, ndio maana la jana linawekwa pembeni. Sisi hatukuamini mfumo ambao mtu alibuni akauboresha. Tumemwamini mtu aliyekufa akafufuka na yu hai. Waebrania 13:8, Yesu Kristo ni yeye yule, jana na leo na hata milele. Kijana akikwambia imetoka mpya muulize, mpya ya nini? Kuna aliyeishinda mauti mara ya pili kwa njia iliyo bora zaidi? Ongea naye hapo hapo kwenye kaburi lililo wazi, usihame.

La makanisa kufa, ni kweli, na tusilifiche. Ahadi ya Mathayo 16:18 amepewa kanisa lake Kristo, hajapewa mtaa fulani wala jengo fulani wala dhehebu langu nililolitumikia mpaka nimestaafu. Hippo ilizimika, lakini yale aliyoyaandika yule mzee wa Hippo wakati dola linaanguka yanasomwa mpaka leo, na imani aliyoihubiri iko kwenye mabara ambayo yeye hata hakujua kama yapo.

Alafu niwape habari moja fundi unaweza kuitumia. Mwaka 303 Kaisari Dioclesiano alitoa amri makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Huyu hakuwa mtawala mdogo, ndiye aliyelipanga upya dola lote la Roma. Waumini wakafungwa wakauawa, wengine wakasalimisha vitabu kwa hofu, na tusiwahukumu haraka. Mwaka 305 akastaafu akaenda kuishi kwenye jumba lake la kifahari pwani ya Adriatiki, ndani yake akajijengea na kaburi lake, la duara kwa ndani, lina nguzo za mawe yaliyoletwa kutoka Misri. Mwaka 313 wakristo wakapewa uhuru wa kuabudu. Na lile kaburi la Dioclesiano, mji unaitwa Split uko Croatia, mwili wake haumo tena hakuna ajuaye ulikoenda, na jengo lile ni kanisa kuu mpaka leo, lina jina la Domnius, askofu aliyeuawa kwenye mateso yale yale aliyoyaamuru yeye. Watu wanashiriki meza ya Bwana ndani ya kaburi la aliyetaka kulifuta jina la Bwana.

Sasa kwa nini imani inadumu. Wengi wetu tunadhani inadumu kwa sababu sisi tumeishika kwa nguvu. Someni Luka 22:31 na 32. Yesu anamwambia Petro, Shetani amewataka awapepete kama vile ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Usiku ule ule Petro akakana mara tatu, mbele ya kijakazi tu, wala sio mbele ya Kaisari. Ukimwangalia Petro pale kwenye moto wa makaa unasema huyu ameisha. Lakini hakuisha, na sababu haikuwa ndani ya Petro, sababu ilikuwa ni yale maombi. Na Waebrania 7:25 inasema yu hai sikuzote ili awaombee. Hapo fundi ndipo mfano wako unapofika mwisho wake na ni vizuri ufike, gari linaachwa pale aliyelitengeneza anapoamua hataki tena kulihudumia, au anapofilisika yeye mwenyewe. Huyu wetu hafilisiki na hajasema hataki.

FundiInjini

Mchungaji nimesoma hii nikasimama kazi kidogo, ubarikiwe sana baba. Hilo la mtengenezaji kufilisika nalijua vizuri. Saab, watengenezaji wa magari wa Sweden, walifilisika Desemba 2011, na watu waliokuwa wametoka kununua magari mapya kabisa wakabaki hawajui nani sasa anasimama na waranti yao. Gari halina tatizo lolote, linawaka vizuri, tatizo liko kwa aliyetia saini karatasi.

Na ndugu MpendaManabii ngao za shaba zimenifungua macho, maana kwenye magari lipo hilo hilo. Hummer ilifungwa 2010, miaka ikapita jina likarudishwa chini ya GMC na sasa ni gari la umeme. Land Rover Defender ile ya zamani ukoo wake umeanzia 1948 ukaisha Januari 2016 pale Solihull, imekuja mpya ina jina lile lile, lakini ile ya zamani mimi nafungua bolti nanyanyua bodi naiweka pembeni chesisi inabaki peke yake, hii mpya bodi na chesisi ni kitu kimoja. Sisemi ni mbaya, ni gari zuri sana kusema kweli, ila ukifungua chini unajua hiki ni kitu kingine kimepewa jina la marehemu. Paulo kasema kwa Wagalatia kuna injili ya namna nyingine, na jina la nje bado ni injili. Vijana nitawaambia wajifunze kufungua boneti, wasisome nembo tu, wasikie mahubiri alafu waulize msalaba uko wapi humu, toba iko wapi.

Ndugu SwaliGumu umenisaidia kuliko unavyojua, hiyo sehemu ya gari bovu kuachwa kwa salama nitaisema mimi mwenyewe kabla hawajaniuliza.

Bado kitu kimoja kinanibana. Mwenzangu tuliyeokoka pamoja, tulikuwa tunakesha pamoja, alianza kwa kuacha mkesha kwa sababu ya kazi, baadae jumapili moja moja, baadae akawa anasema Mungu yuko moyoni. Hakuna siku aliyosema nimeacha. Ni kama ile raba ya kioo. Leo ana mali na nafurahi kwa ajili yake ila kwenye mambo ya Mungu hataki hata kuguswa. Huyu nimwombee tu au nimfuate?

MamaEliya

Mfuate mwanangu. Paulo alimtaja Dema kwa jina, "Dema aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa", 2 Timotheo 4:10, na ukiusoma ule mstari unasikia mtu aliyeumia sio mtu anayelaani. Alafu mstari unaofuata tu anasema umtwae Marko uje naye, anifaa. Marko huyo huyo aliwahi kuwaacha safarini wakiwa Pamfilia mpaka Paulo na Barnaba wakatofautiana vikali kwa ajili yake, Matendo 15. Kwa hiyo aliyeondoka anaweza kurudi na akaitwa wa kufaa na yule yule aliyekuwa amemkataa.

Ukienda usibebe mahubiri. Nenda kama rafiki, muulize anaendeleaje kweli, na umwache aongee mpaka amalize. Watu wengi waliopoa kuna kitu kiliwauma na hakuna aliyewauliza, wakaona kazi na mali ni mahali pa kujificha. Akikwambia aliumizwa kanisani usilitetee kanisa papo hapo. Mwambie umemkumbuka, mwambie ile mikesha unaikumbuka, na kabla ya kuondoka muombe ruhusa umuombee kwa sauti mbele yake, akikataa usilazimishe, utamuombea nyumbani.

SwaliGumu

Mchungaji asante, hilo la Petro na moto wa makaa sikuwahi kulisoma hivyo. Mimi nilikuwa najipima kila siku kama imani yangu ina nguvu au haina, na nikipima nakuta haina. Nitakaa na Luka 22 wiki hii yote.

Fundi, vijana wa huku kwetu nao wanahitaji hili somo. Ukimaliza jumapili tuwekee hapa mpangilio wa maandiko ulivyoyafuatanisha, na maswali waliyokuuliza uyaandike yote hata yale uliyoshindwa, tutayajibu pamoja. Na jina la huyo mwenzako hatulihitaji, jumamosi usiku nitamuombea na wewe nitakuombea.